Nani Ameshika Tangi? Historia ya Mvinyo wa Dodoma na Funzo Lake kwa Fizi

Mhadhara uliotolewa Lubondja, katika Fizi ya Kivu Kusini, Kongo, mbele ya wakulima, walimu na vijana



Nimekuja kusema juu ya zao ambalo hakuna hata mmoja wetu hapa anayelilima. Najua pia kwamba wengi wenu ni watu wa makanisa yanayokataza pombe, na wengine ni Waislamu. Sikuja kumshawishi mtu anywe. Nimekuja kwa sababu ng'ambo ya ziwa letu, katika nchi ya Tanzania iliyotupokea maelfu kwa maelfu tulipokimbia vita vya 1996 na 1998, kuna wakulima maskini wa nchi kame waliojenga biashara ya mvinyo, wakaiona ikifa, wakaijenga tena, na hadi leo wanapigania nafasi yao ndani yake. Historia yao inatuonyesha jambo ambalo katika mawese yetu, ndizi zetu na mihogo yetu limejificha.

Jambo lenyewe ni hili. Mvinyo wa Dodoma haukuinuliwa na udongo peke yake, wala haukuangushwa na ukame. Uliinuka kila mara mwenye tangi la kuchachishia mvinyo alipozihitaji zabibu za mkulima. Ulianguka kila mara mkulima alipobaki na mavuno yameiva, asijue nani atayapokea. Ukitaka kuijua historia ya kiwanda chochote kinachotokana na shamba, uliza kwanza: tangi liko mikononi mwa nani?

Divai ya altare

Zabibu ziliingia Ugogo, nchi ya Wagogo inayozunguka Dodoma, kwa njia ya kanisa. Sheria ya Kanisa Katoliki, ambayo leo inasomeka katika kanuni ya 924, inadai kwamba divai ya misa iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Padri hawezi kuadhimisha misa kwa pombe ya ndizi wala kwa maji ya nanasi. Kwa hiyo kila misheni iliyofunguliwa Afrika ilikuwa na haja moja isiyokwepeka: divai itoke wapi?

Haja hiyo ilifika kwetu mapema. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Kibanga, upande huu wa ziwa Tanganyika, mwaka 1883. Miaka 10 baadaye waliihama, wakashuka kusini hadi Kirungu, mahali palipoitwa Baudouinville na leo ni Moba. Nyakati hizo mzigo wowote uliotoka pwani ya Bahari ya Hindi ulibebwa mabegani na wapagazi kwa miezi kadhaa kabla ya kuvushwa ziwa. Kwa padri, mzabibu unaozaa karibu na kanisa ulikuwa njia ya kujitegemea.

Ugogo ulipata wamisionari wa shirika jingine. Katikati ya miaka ya 1930 eneo la Dodoma lilikabidhiwa kwa Mapadri Wapasionisti kutoka Italia. Hao walikuwa wana wa nchi ambako mkulima hurithi mizabibu kwa baba yake kama sisi tunavyorithi michikichi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika misheni ya Bihawana, nje ya mji wa Dodoma kwenye barabara ya kwenda Iringa, mizabibu ilipandwa na ikakubali. Divai ikatengenezwa hapo hapo.

Tazameni jinsi mambo yalivyokuwa Bihawana. Aliyepanda ndiye aliyekamua. Aliyekamua ndiye aliyehifadhi, na mnywaji alikuwa altare yake mwenyewe. Hapakuwa na dalali wala lori la mnunuzi. Tangi, shamba na soko vilikuwa ndani ya ua mmoja. Mpango huo ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa kamili, na kwa sababu hiyo ulidumu.

Kwa nini Ugogo na si Kivu

Kijana ataniuliza: kama ilikubali kule, mbona tusipande hapa? Jibu liko angani. Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,100 hivi. Mvua yake ya mwaka ni milimita 550 hadi 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua kavu na usiku wa baridi kidogo. Nchi hiyo imewatesa Wagogo kwa njaa vizazi na vizazi. Mtama na uwele wenyewe mara nyingine hushindwa. Lakini mzabibu unapenda mahali pa namna hiyo. Adui yake mkubwa ni unyevu, kwa maana unyevu huleta ukungu, hasa ugonjwa ambao wakulima wa kule wanauita ubwiri, unaokausha majani na kuozesha vichala.

Kwetu mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Ni mvua ya mchikichi na mgomba. Mzabibu wa mvinyo ukiupanda hapa utatumia fedha nyingi zaidi kununua dawa za ukungu kuliko utakazopata kwa kuuza matunda.

Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima anaulaza kwa mkono wake: anapogoa matawi, mti unapumzika, kisha unachipua upya. Tangu kupogoa hadi kuvuna ni miezi 4 hivi. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara 2 kwa mwaka, mavuno ya kwanza karibu na Februari na Machi, na ya pili karibu na Agosti na Septemba. Nchi iliyodharauliwa kwa ukame ina neema ambayo Ufaransa haina.

Neema hiyo ina upande wake wa pili. Anayevuna mara 2 anahitaji mnunuzi mara 2. Matangi yaliyojaa Machi lazima yawe matupu kabla ya Agosti. Mvinyo wa kwanza usipouzwa, zabibu za pili hazina pa kwenda.

Zabibu haingoji

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha mhadhara huu.

Zabibu iliyoiva ina sukari nyingi. Katika maji yake, kila gramu 17 za sukari kwa lita moja huzaa takriban asilimia 1 ya kileo. Maji yenye gramu 200 kwa lita hutoa mvinyo wa karibu asilimia 12. Kazi hiyo hufanywa na hamira, vijidudu vinavyokula sukari na kutoa kileo pamoja na hewa inayotokota. Mvinyo mwekundu hupata rangi yake kwa sababu maganda huachwa ndani ya maji yanapochacha. Mweupe hukamuliwa kwanza na maganda yakatolewa. Joto likipanda sana, kwenye nyuzi 35 na zaidi, hamira hulegea na kufa, na mvinyo huharibika. Kwa hiyo kiwanda kinahitaji umeme wa kupooza matangi, maji safi, na mtu aliyesoma.

Tani 1 ya zabibu hutoa lita 700 hivi za mvinyo. Mwenye tani 10 anahitaji nafasi ya lita 7,000, tena anaihitaji siku ile ile anapovuna. Zabibu iliyokatwa ikikaa siku chache kwenye jua la Dodoma hupasuka, nzi wakaingia, ikawa siki. Mkulima wa mahindi anaweza kufunga gunia akangoja bei ipande. Mkulima wa kahawa anaweza kukausha. Mkulima wa zabibu za mvinyo hana ujanja huo. Asubuhi ya mavuno, yule mwenye tangi akimwambia bei ni nusu ya mwaka jana, mkulima ataipokea, kwa maana jioni itakuwa robo, na kesho kutwa haitakuwepo kabisa.

Hiyo ndiyo nguvu ya tangi. Haitokani na ubaya wa moyo wa mtu. Mnunuzi mwema na mnunuzi mbaya wote wanaishika kwa namna moja, kwa sababu tunda linaoza na tangi haliozi.

Gereza, serikali na soko huria

Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, mizabibu ilitoka ndani ya ua wa misheni. Gereza la Isanga mjini Dodoma likawa miongoni mwa waanzilishi wa kilimo hicho nje ya kanisa. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha la siasa ya ujamaa, kisha Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971 ikawakusanya Wagogo katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1973 uamuzi ulipitishwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Ghafla mkoa uliosahaulika ukawa mkoa wa kujengwa, nao ukahitaji zao la biashara. Zabibu zikaingia mashamba ya wanakijiji, na huko Makutupora kikawekwa kituo cha utafiti wa zabibu ambacho kipo hadi leo.

Serikali ikawa na kampuni yake ya mvinyo, DOWICO. Mkulima aliambiwa: wewe lima, sisi tutanunua. Kwa muda fulani ikawa hivyo. Tangi sasa lilikuwa mikononi mwa dola, na dola ilikuwa na sababu ya kisiasa ya kununua hata pale biashara ilipokuwa ngumu.

Lakini kampuni ya umma ikishindwa kulipa, mkulima hana mlango wa pili wa kubisha. Miaka ya 1980 uchumi wa Tanzania uliyumba vibaya. Mwaka 1986 nchi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na miaka ya 1990 mashirika ya umma yakaanza kuuzwa au kufungwa. DOWICO haikuvuka kipindi hicho. Wakulima waliokuwa wamepewa mti, mafunzo na matumaini wakabaki na mti. Wengine waling'oa mizabibu yao, wakarudi kwenye mtama.

Katika hayo yote, udongo wa Dodoma haukubadilika, wala jua lake. Ujuzi wa kupogoa ulikuwa bado mikononi mwa watu. Kilichoondoka ni tangi. Na lilipoondoka, kazi ya miaka 20 na zaidi ikanyauka.

Mvinyo uliinuka tena mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kule Hombolo ikaanza CETAWICO, kampuni yenye mtaji na utaalamu wa Kiitaliano. Tanzania Distilleries ya Dar es Salaam, ile inayotengeneza Konyagi, ikauza mvinyo wenye jina la Dodoma kote nchini. Wakaja Watanzania wenye viwanda vyao, kama Alko Vintages, na vikundi vidogo vijijini. Zabibu zikarudi Mpunguzi, Mbabala, Hombolo, Veyula na Mvumi. Wilayani Chamwino likaanzishwa shamba la pamoja la Chinangali II, lenye umwagiliaji wa matone na mkopo wa benki.

Safari hii tangi liligawanyika katika ngazi mbili. Viwanda vya Dodoma hukamua na kuchachisha, kisha huuza kile kinachoitwa kule mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ambao haujatiwa chupani, kwa kampuni kubwa zenye mitambo ya kujaza chupa na magari ya kuzisambaza. Kampuni kubwa ikisema ghala limejaa, kiwanda cha Dodoma husimamisha kununua. Kiwanda kikisimama, mkulima anatazama vichala vikioza shambani. Katika misimu ya karibuni magazeti ya Tanzania yameandika tena na tena kilio hicho. Mkulima wa ngazi ya chini anabanwa na uamuzi uliofanywa na mtu asiyemjua, katika ofisi asiyoifahamu. Na yule aliyelima kwa mkopo ana mzigo wa pili, kwa maana deni la benki halingoji bei.

Sheria inaweza kumlinda mkulima

Kulikuwa na shida nyingine. Kampuni inayotaka faida inaweza kuagiza mchuzi wa zabibu kutoka nchi za nje kwa bei ndogo, ikautia chupani Tanzania, na mnunuzi asijue tofauti. Mwaka 2012 serikali ya Tanzania ilitumia kodi kujibu. Mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 ulitozwa ushuru wa shilingi 145 kwa lita. Ule uliozidisha zabibu za nje ulitozwa zaidi ya mara 10 ya kiasi hicho. Kwa mstari mmoja wa sheria, zabibu ya Mgogo ikawa na thamani kwa mwenye kiwanda.

Ufaransa ilipitia njia hiyo miaka mia moja kabla. Mwanzoni mwa karne ya 20 bei ya mvinyo wa kusini mwa nchi hiyo ilianguka, na wakulima wakaona jinsi wafanyabiashara walivyouza mvinyo wa uongo uliotiwa sukari na maji. Mwaka 1907 wakulima wa Languedoc, wakiongozwa na Marcelin Albert, mtu wa kijiji cha Argeliers, waliandamana kwa mamia ya maelfu. Mwezi Juni askari waliwafyatulia risasi watu huko Narbonne, na damu ikamwagika. Kabla mwezi haujaisha, bunge lilipitisha sheria dhidi ya udanganyifu wa mvinyo.

Lakini wakulima wa kule hawakuishia kwenye sheria. Katika kijiji cha Maraussan walikuwa wameungana tangu mwaka 1901, na kufikia 1905 walikuwa na ghala lao wenyewe la kukamulia na kuhifadhi, mali ya chama. Mfano huo ulienea hadi karibu kila kijiji cha Languedoc kikawa na ghala la ushirika. Mkulima mwenye shamba dogo alileta zabibu zake mahali ambapo yeye mwenyewe ni mwenye mali. Afrika Kusini nako, ambako mvinyo wa kwanza ulikamuliwa mwaka 1659, wakulima walipolemewa na bei mbovu waliunda chama chao, KWV, mwaka 1918. Watu wa lugha na mabara tofauti walifika kwenye jibu moja: tangi liwe letu.

Tuje kwetu Fizi

Sasa turudi nyumbani. Sisi hatuna zabibu, lakini tuna mangazi, matunda ya mchikichi. Mafuta ya mawese ukishayatia kwenye bidoni yanaweza kungoja bei. Ndiyo sababu tunadhani hatuna shida ya Dodoma. Tunajidanganya. Mafuta yanangoja, mangazi hayangoji. Kichikichi kikishakatwa na kuchubuka, mafuta yaliyomo huanza kuharibika siku hiyo hiyo. Asipopata mashine ya kukamulia ndani ya siku moja au mbili, mkulima anapata mafuta machungu ya bei ya chini. Kwetu tangi ni ile mashine. Mwenye mashine anapokata sehemu yake ya mafuta kama malipo ya kukamua, ndipo mnapoona faida ya mwaka mzima inakokwenda. Kisha kuna ngazi ya pili: tajiri wa mji wa Baraka mwenye mitumbwi na madebe, anayejua bei ya Uvira na ya Kigoma wakati wewe huijui.

Ndizi nazo ni hivyo hivyo. Kasiksi, pombe ya ndizi ya nyumbani, huchachuka baada ya siku chache, hivyo huuzwa papo hapo na kwa bei yoyote. Lakini Arusha, tangu mwaka 1993, kampuni ya Banana Investments inatengeneza mvinyo wa ndizi unaotiwa chupani na kuuzwa mbali. Ndizi ile ile inayochachuka kwenye ndoo yetu, kule inasafiri. Na kwa ninyi ambao imani yenu haikubali kileo, kanuni ni ile ile kwa unga wa muhogo, kwa maji ya nanasi na kwa sabuni ya mawese.

Nawashauri mambo manne.

Kwanza, tafuteni tangi kabla ya kupanda. Mtu akija na miche ya bure, awe wa serikali, wa shirika au wa kampuni, mwulizeni: mavuno yakija, nani atayapokea, wapi, na kwa bei gani? Akijibu kwamba soko litapatikana, mwambieni aende kulitafuta kwanza. Hivyo ndivyo Wagogo walivyoumia.

Pili, mashine iwe ya chama. Tangu Kongo ijiunge mwaka 2012 na OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, vyama vya ushirika vinaongozwa na sheria ya pamoja iliyopitishwa Lomé mwaka 2010. Kwa sheria hiyo watu 5 tu wanatosha kuanzisha chama cha ushirika cha namna nyepesi. Watu 5! Hakuna kijiji kati ya hapa na Baraka kisicho na watu 5 wanaoaminiana.

Tatu, kila chama kiwe na daftari linalosomwa hadharani. Vyama vingi hufa kwa sababu ya kijitabu kilichofichwa mfukoni mwa mwenyekiti. Walimu, hapa ndipo mnapohitajika kuliko mahali pengine popote. Fundisheni hesabu kwa daftari la mashine ya kijiji, na mtoto ataielewa hesabu, na kijiji kitamjua mwizi.

Nne, msiwe na mnunuzi mmoja. Misheni ya Bihawana ilidumu kwa sababu haikumtegemea mtu. DOWICO ilipokufa, iliwaburuta wote walioitegemea hiyo peke yake. Anayeuza Baraka atafute pia njia ya Fizi, na anayeuza mafuta ajifunze na sabuni.

Najua mtaniambia kuhusu usalama na kuhusu barabara. Ni kweli. Mti wa miaka unahitaji amani ya miaka, na hakuna chama kitakachostawi pale ambapo watu hulala porini. Lakini amani ikija tukiwa bado kila mtu na kichikichi chake mbele ya mashine ya mtu mwingine, amani hiyo itamtajirisha mwenye mashine peke yake.

Kwa hiyo naomba jambo moja kabla hamjatawanyika. Katika kila kijiji kilichowakilishwa hapa, watu 5 wakae pamoja wiki hii, waandike majina yao, wahesabu ni kiasi gani cha mafuta walikiacha kwa mwenye mashine msimu uliopita, na waulize mashine moja ni bei gani. Hesabu hiyo wakiifanya kwa uaminifu, wataona kwamba kwa misimu michache tu wamekwisha kuilipia mashine ambayo si yao. Basi wainunue.